Kufuata Risasi Hadi Kiwandani: Mwongozo Kamili wa Kuwa Mtafiti wa Biashara ya Silaha

Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli MV Faina ikiwa njiani kwenda Mombasa. Ndani yake mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72 kutoka Ukraine. Serikali ya Kenya ikasema vifaru ni vya jeshi lake. Andrew Mwangura, aliyekuwa akiendesha mpango wa kuwasaidia mabaharia pale Mombasa, akasema vinakwenda Sudan Kusini, akakamatwa na kushtakiwa. Lakini kwenye hati za shehena palikuwa na herufi nne, GOSS, na aliyefuatilia siasa za Juba alijua hicho ni kifupi cha Kiingereza cha Serikali ya Sudan Kusini. Meli iliachiwa Februari 2009 baada ya kulipwa dola milioni 3.2, vifaru vikashushwa Mombasa, na mwaka huohuo wachambuzi wa picha za setilaiti wakaviona vifaru vya namna hiyo kwenye kambi za jeshi huko Sudan Kusini.

Nafundisha usalama wa kimataifa, na kila mwaka wa masomo naanza na meli hii. Wanafunzi wengi huja wakiwa na picha ya mabalozi na mikutano ya Geneva. Nawaambia kazi yetu imo kwenye zile herufi nne. Nani aliziandika, kwenye karatasi gani, na nani alitaka zisisomwe. Ukipenda maswali ya namna hiyo, kazi hii ni yako, na hapa chini naeleza njia yake kwa mpangilio ambao ningependa mtu anieleze mimi nilipokuwa na miaka 22.

Hatua ya kwanza: chagua kitu cha kufuata

Usianze na "biashara haramu ya silaha Afrika Mashariki". Andiko la namna hiyo halina pa kushikia, na msimamizi mzuri atakurudishia. Langu lilirudishwa mara mbili. Chagua kitu kinachoweza kushikwa, kupigwa picha au kuhesabiwa, kisha kiwekee mahali na miaka. Mfano: "Risasi za 7.62 × 39 zilizokamatwa mkoani Kigoma kati ya 2015 na 2020: zilitengenezwa wapi, na mwaka gani?" Namba hizo ni kipenyo cha risasi na urefu wa ganda, kwa milimita. Swali hili linaonekana dogo, lakini ukilifuata litakupeleka kwa wakimbizi, mipaka ya Ziwa Tanganyika, maghala ya majeshi na viwanda vya mabara mengine.

Kitu chenyewe si lazima kiwe bunduki. Kinaweza kuwa mkataba. Watanzania wote wenye umri wangu wanaijua "chenji ya rada". Serikali ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Mwaka 2010 mahakama ya Uingereza iliitoza BAE faini ya pauni 500,000 kwa kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo, na kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati. Humo ndani kuna tasnifu nzima: leseni ya kuuza nje hutolewaje Uingereza, mnunuzi huamuaje, mawakala huingilia wapi. Mtu aliyesoma darasani akikalia dawati lile anastahili kuliandikia.

Hatua ya pili: shahada

Hapa nitapita haraka. Shahada ya kwanza inaweza kuwa sayansi ya siasa, sheria, historia, uchumi au hata takwimu. Dar es Salaam na Nairobi zina idara za siasa na za uhusiano wa kimataifa, na Kurasini kipo Chuo cha Diplomasia. Ukitaka kuajiriwa chuo kikuu cha umma Tanzania, angalia alama zako mapema: matangazo mengi ya mkufunzi msaidizi hudai wastani wa 3.8 kati ya 5, na kwa mhadhiri msaidizi 4.0 kwenye uzamili. Wengi wanaligundua hili mwaka wa tatu, wakati mlango umeshafungwa.

Ongeza vitu viwili ambavyo idara haitakulazimisha: takwimu za kutosha kusafisha jedwali la mistari elfu kumi, na Kifaransa. Bila Kifaransa, nusu ya nyaraka za Kongo na Burundi zitakupita.

Hatua ya tatu: jua mikataba ilivyopangana

Soma maandishi ya mikataba yenyewe kabla ya makala kuihusu. Anza na Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, kwa kuwa ndiyo ya kwetu, na chombo chake, RECSA, kina makao Nairobi. Kisha soma Mpango wa Utekelezaji wa Umoja wa Mataifa wa 2001 na Hati ya Kimataifa ya Ufuatiliaji ya 2005, inayozitaka nchi ziweke alama kwenye silaha na kujibu zikiulizwa. Halafu Mkataba wa Biashara ya Silaha, uliopitishwa tarehe 2 Aprili 2013 kwa kura 154 dhidi ya 3 na kuanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoandika azimio la 2006 lililoanzisha safari ya mkataba huo. Katika mkataba wenyewe, kaa sana na ibara ya 6 na ya 7. Ya 6 inataja mauzo yaliyokatazwa moja kwa moja. Ya 7 inaitaka nchi muuzaji ipime hatari kabla ya kutoa kibali. Ugomvi karibu wote wa sheria ya silaha leo uko kati ya ibara hizo mbili.

Hatua ya nne: takwimu, na mitego yake

Kanzidata ya kwanza utakayofungua ni ya SIPRI, taasisi ya Stockholm iliyoanzishwa mwaka 1966. Inafuatilia mauzo ya silaha kubwa tangu 1950 na ni bure. Mitego yake ni miwili. Kwanza, haina bunduki za kawaida. Anayeitumia kueleza wizi wa mifugo Turkana au Karamoja amekosea mlango. Pili, kipimo chake, TIV, hakihesabu bei. Kinapima uwezo wa kijeshi uliohamishwa, kwa kuanzia gharama ya kutengeneza silaha ya aina hiyo. Silaha iliyokwisha kutumiwa na jeshi jingine hupewa asilimia 40 ya thamani ya mpya, na iliyokarabatiwa sana hupewa asilimia 66. Katika rasimu yangu ya uzamili niliandika TIV kama dola. Msimamizi wangu alizungushia kila sehemu kwa kalamu nyekundu, kurasa kumi na moja, na tangu siku hiyo sijawahi kutumia namba kabla ya kusoma jinsi ilivyopatikana.

Ya pili ni Rejista ya Umoja wa Mataifa, iliyoanzishwa mwaka 1991. Nchi huripoti zenyewe makundi saba: vifaru, magari ya deraya, mizinga, ndege za kivita, helikopta za mashambulizi, meli za kivita, na makombora. Silaha ndogo huripotiwa kwa hiari. Ukikuta nchi haikuripoti kitu, usiandike kwamba haikununua. Andika kwamba haikuripoti.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi kwa wanafunzi wa kwetu: takwimu za forodha za Umoja wa Mataifa, zinazoitwa Comtrade. Bidhaa zote duniani zina namba, na silaha ziko sura ya 93. Namba 9301 ni silaha za kijeshi, 9302 bastola, 9303 bunduki za michezo na uwindaji, 9305 vipuri, 9306 risasi na mabomu, na ndani yake 930630 ni risasi za kawaida za bunduki. Fanya zoezi hili: chukua nchi moja inayouza na moja inayonunua, mwaka mmoja, namba 930630. Muuzaji ametangaza thamani gani? Mnunuzi ametangaza gani? Namba zitatofautiana. Nenda ukatafute sababu. Huenda mzigo uliondoka Desemba ukafika Februari. Huenda mmoja amejumlisha nauli na bima. Huenda ulipita Mombasa ukielekea Kampala na ukaandikwa kama wa Kenya. Huenda pia kuna jambo limefichwa, lakini hiyo iwe dhana yako ya mwisho kuifikia, baada ya kuziondoa hizo nyingine zote kwa ushahidi.

Kuhusu makadirio makubwa: Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kwamba mwishoni mwa 2017 dunia ilikuwa na bunduki zaidi ya bilioni moja, milioni 857 kati yake mikononi mwa raia. Ni kazi nzito na ya kuaminika kwa kiwango chake, lakini kwa nchi ambazo hazina daftari kamili la wenye silaha, namba inatokana na hesabu za kulinganisha. Ukiinukuu namba ya nchi yako, eleza ilivyokadiriwa.

Hatua ya tano: jifunze kusoma chuma

Hapa ndipo mtafiti anapotofautiana na msomaji wa ripoti.

Miaka mingi iliyopita, katika mkoa mmoja wa magharibi mwa Tanzania, nilikaa barazani na mzee aliyekuwa amestaafu utunzaji wa ghala la silaha. Nilikuwa na daftari lenye maswali thelathini. Aliyasikiliza yote, kisha akachukua kijiti akachora mduara mchangani. "Mwanangu," akasema, "geuza ganda. Soma kwanza kitako." Akachora alama juu na alama chini. Juu namba ya kiwanda, chini mwaka. Nilifunga daftari.

Kitako cha ganda la risasi huwa na mhuri uliogongwa kiwandani. Kwenye risasi nyingi za Kichina utakuta namba mbili tu, moja ya kiwanda na moja ya mwaka. Nyingine zina herufi za kiwanda na kipimo cha risasi. Usidhani zote zimetoka mbali: Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, Uganda kiko Nakasongola, na Tanzania ina Mzinga pale Morogoro. Tofautisha pia maumbo. Ganda la 7.62 × 39, la bunduki za jamii ya Kalashnikov, ni fupi na kitako chake hakitokezi nje. Lile la 7.62 × 54, la bunduki rashasha aina ya PKM, ni refu na lina ukingo unaotokeza kitakoni. Ukiyachanganya, utakuwa umewaandikia wanakijiji silaha ambayo hawajawahi kuiona.

Bunduki nayo ina maandishi. Tazama swichi ya upande wa kulia inayochagua kupiga moja moja au mfululizo. Ikiwa na herufi za Kirusi АВ na ОД, imetengenezwa Urusi ya Kisovieti au kwa mtindo wake. Aina ya 56, Kalashnikov ya Kichina, huwa na maandishi ya Kichina, au herufi L na D kwenye nyingi za kuuzwa nje. Pembetatu yenye 66 ndani ni alama ya kiwanda cha China, na nyota ni ya kiwanda cha Tula, Urusi. Angalia kama namba imekwanguliwa, na kama kuna alama ya nchi iliyoiingiza, kwa kuwa nchi zetu zimekuwa zikigonga alama za ziada kwa mashine zilizoratibiwa na RECSA.

Kanuni za kazi hii hazina mjadala. Usimiliki risasi wala usibebe ganda mfukoni ukivuka kizuizi. Kumiliki risasi bila kibali ni kosa la jinai nchi zote za ukanda huu. Usiguse kitu ambacho hakijalipuka. Piga picha tu, tena kwa idhini ya anayekishikilia. Weka rula kando, mwanga utoke ubavuni ili maandishi yajitokeze, piga kitako, ubavu, na sehemu nzima. Andika hapohapo mahali, tarehe, nani alikiokota na nani alikihifadhi kabla yako. Picha isiyo na maelezo hayo haitathibitisha chochote.

Halafu jizuie kwenye hitimisho. Mhuri unasema risasi ilizaliwa wapi na lini. Hausemi nani aliileta. Risasi ya mwaka 1975 inaweza kuwa imepita kwa majeshi manne, waasi wawili na mwindaji mmoja. Ili kusema zaidi unahitaji karatasi, yaani orodha ya shehena, hati ya ndege, cheti cha mtumiaji wa mwisho. Cheti hicho ni ahadi ya serikali inayonunua kwamba silaha hazitahamia kwa mwingine, na kisa cha Faina kinaonyesha ahadi hiyo inavyoweza kuandikwa.

Kwa mazoezi, fungua ripoti za Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo, lililoundwa mwaka 2004 kufuatilia vikwazo vya silaha vilivyowekwa mashariki mwa nchi hiyo mwaka uliotangulia. Ruka muhtasari, nenda kwenye viambatisho. Huko kuna picha za namba, mihuri na masanduku. Linganisha na ramani ya iTrace ya Conflict Armament Research, shirika linalofuatilia silaha zinazokutwa vitani; ramani hiyo ni bure. Fanya hivyo Jumamosi ishirini na macho yako yatabadilika.

Hatua ya sita: tumia lugha yako

Hili wenzetu wa Ulaya hawawezi kulipata kwa urahisi. Ukitafuta "AK-47" kwenye magazeti ya Kiswahili ya Tanzania utapata habari chache, kwa sababu polisi na waandishi wengi huiita SMG. Magobore ni kundi kubwa sana katika taarifa za makamanda wa mikoa, na karibu hayaonekani kwenye fasihi ya kimataifa. Mtaani bastola ni mguu wa kuku, na kwa vijana wa Nairobi bunduki ni mchuma. Goma na Bukavu risasi huitwa masasi; nilishamwona msaidizi wa utafiti kutoka Mtwara akiandika kwenye nakala ya mahojiano kwamba kundi fulani "lilipata Masasi", kwa herufi kubwa, kama mji.

Tengeneza faharasa yako mwenyewe, neno kwa neno, mahali kwa mahali. Kisha pitia taarifa za polisi za miaka kumi ukiwa na faharasa hiyo. Hakuna kanzidata ya Stockholm itakayokupa jedwali litakalotoka humo.

Hatua ya saba: vibali na uhai

Tanzania Bara kibali hutoka COSTECH, Kenya NACOSTI, Uganda UNCST. Zanzibar ina utaratibu wake. Omba miezi sita kabla. Kisha nenda na kibali kwa mkuu wa wilaya na kamanda wa polisi kabla hujamhoji mtu yeyote. Soma Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ukiwa Tanzania, na sheria ya siri za serikali ukiwa Kenya. Usiombe wala kupokea waraka wenye mhuri wa siri. Kazi nzuri inawezekana kwa nyaraka za wazi, na mtafiti aliyefungwa hawezi kuandika.

Machi 2017 wataalamu wawili wa Kundi la Kongo, Zaida Catalán na Michael Sharp, waliuawa Kasai. Majina yao yanatajwa kila mwaka, na inafaa. Mkalimani wao, Betu Tshintela, na waendesha pikipiki waliowabeba pia hawakurudi, na wao hutajwa mara chache sana. Nalisema hili kwa sababu wewe unayesoma Kiswahili huenda ukaanza kazi hii kama mkalimani au msaidizi wa mtafiti mgeni. Kabla ya kukubali, pata kwa maandishi: bima yako ni kiasi gani, nani ana mamlaka ya kusitisha safari, nani atampigia mkeo au mumeo. Na wewe ukiwa mtafiti mkuu, haki ya kusema "leo hatuendi" mpe dereva.

Majina ya waliokupa habari yatunze kwenye daftari tofauti na mahojiano. Simu yenye picha za silaha usivuke nayo mpaka kabla hujahamisha na kufuta.

Hatua ya nane: uzamivu na fedha

Uzamili wa nje unaweza kulipiwa na Chevening kwa Uingereza au DAAD kwa Ujerumani, na kuna programu ya pamoja ya Erasmus Mundus ya usalama na mikakati inayoongozwa na Glasgow. African Leadership Centre ya Nairobi, inayofanya kazi na King's College London, imelea watafiti wengi wa Kiafrika wa amani na usalama. Kwa uzamivu, angalia Sweden na Norway kwanza: huko nafasi hutangazwa kama ajira, yenye mshahara. Idara ya amani na migogoro ya Uppsala inajulikana sana kwa takwimu za vita.

Unapomwandikia msimamizi, barua isizidi aya tatu. Swali lako, ushahidi ambao tayari unao, na makala yake moja uliyoisoma na unachotofautiana nayo. Jedwali la kurasa mbili kutoka kwenye zile taarifa za polisi litakufikisha mbali kuliko sifa zote unazoweza kujipa.

Uliza pia fedha zinatoka wapi. Baadhi ya vituo vya utafiti hupokea ruzuku kutoka kwa watengenezaji silaha na wizara za ulinzi. Kuna watafiti waaminifu humo, lakini mfadhili atajwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kila unachochapisha.

Hatua ya tisa: konsaltansi, makala, na nakala ya Kiswahili

Ukirudi nyumbani na shahada, mashirika yatakutafuta kwa kazi za wiki tatu zinazolipa kuliko mshahara wa miezi mitatu. Chukua, maisha yana gharama. Ila kwenye mkataba dai kipengele kimoja: haki ya kutumia takwimu kwenye makala yako baada ya mwaka mmoja. Nimewaona wenzangu wenye ripoti kumi na tano zisizo na jina lao, na kamati ya kupandisha vyeo haikuwa na cha kusoma.

Kabla ya makala ya Kiingereza kwenda kwa mhariri, andika muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili, ondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu, na uwapelekee waliokusaidia. Wape wiki mbili. Nakala niliyompelekea yule mzee ilirudi na alama ya penseli ukurasa wa tatu. Chini ya picha moja nilikuwa nimeandika 7.62 × 39. Yeye alikuwa ameuzungushia ule ukingo wa kitako na kuandika kando, kwa mwandiko wa kutetemeka: 54.